Kupima hewa ya mtaa na kutangaza matokeo: maswali na majibu

Vile vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye nguzo vinapima nini?

Vingi vinapima PM2.5, yaani chembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Feni huvuta hewa ndani, mwale wa leza huimulika, na kifaa hukadiria wingi wa chembe kutokana na mwanga unaotawanyika. Chembe hizo hutoka kwenye moshi wa magari, kuni, mkaa na taka zinazochomwa. Hufika hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huingia kwenye damu. Ndiyo maana hewa chafu huleta kiharusi na maradhi ya moyo, si kikohozi tu. Vumbi zito la barabara ya udongo leza hizi hulikosa kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo usitegemee namba zake za PM10, yaani chembe za hadi mikromita 10.

Kifungwe wapi?

Mita 2 hadi 4 kutoka ardhini, tundu la hewa likitazama chini, mahali upepo unapofika bila kuzuiwa na ukuta wala matawi. Kikae mbali na jenereta, jiko la chipsi na banda la nyama choma, la sivyo kitapima moshi wa banda badala ya hewa ya mtaa.

Namba zake ni za kuaminika?

Bado, mpaka kilinganishwe. Kifaa huwekwa kando ya mtambo wa rejea, yaani ule mkubwa ambao vipimo vyake vinaaminika, kwa wiki kadhaa, kisha hesabu ya kusahihisha hutungwa kutokana na tofauti zao. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, ulioanza mwaka 2015, hufanya hivyo kwa vifaa vyake. Adui mkubwa ni unyevu: ukipita takriban asilimia 80, chembe hunyonya maji na kuvimba, na kifaa husoma juu kuliko hali halisi. Alfajiri za mji wa pwani zinahitaji uangalifu huo hasa. Chagua kifaa chenye vihisi viwili ndani. Vikianza kupishana sana, fungua uangalie utando wa buibui, vumbi au feni iliyochoka.

Tutangaze namba ipi?

Wastani, tafadhali. Lori moja likipita, namba ya dakika hiyo hupaa, na ukiitangaza peke yake utawatisha watu bure. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inataka PM2.5 isizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka. Siku ambayo vipimo vyake havifiki saa 18 kati ya 24 usiitolee wastani.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchanganya mikrogramu na AQI, ile fahirisi ya Marekani ya ubora wa hewa inayoonyeshwa kwa rangi. AQI 100 ni takriban mikrogramu 35, si 100. Kila tangazo litaje kipimo chake.

Kagua pia saa. Vifaa vingi huandika saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Moshi wa foleni ya saa moja asubuhi huonekana kwenye jedwali kama wa 04:00, na mzazi anayepanga mtoto atoke lini hupotoshwa kabisa.

Mwenye pumu atumieje taarifa hiyo?

Asubuhi na jioni upepo hutulia na moshi hubaki chini. Mchana jua huichanganya hewa, na mara nyingi namba hushuka. Mazoezi na kazi nzito zisogezwe huko. Namba zikiwa juu, abebe dawa yake ya kuvuta na afunge madirisha ya upande wa barabara, lakini asiyafunge huku jiko la mkaa likiwaka ndani: hatari hiyo ni kubwa kuliko ya nje. Barakoa ya kitambaa haisaidii sana. Inayochuja chembe hizi ni N95 au FFP2 iliyokaza usoni. Akibanwa kifua na dawa isimpe nafuu, aende kituo cha afya mara moja, hata kama ramani ya vipimo inaonyesha kijani, yaani hewa safi.