Kumetameta ni kwa hewa, kubadilika ni kwa nyota

Usiku wa Januari pale Dunga, Kisumu, stima ikipotea, nyota juu ya ziwa humetameta hadi mtu akaapa zinawaka na kuzimika. Huko kumetameta ni kazi ya hewa yetu, inayopindapinda mwanga ukipita. Wengi wakishajua hilo huhitimisha kwamba nyota zenyewe hazibadiliki kamwe. Hapo ndipo wanapokosea, hasa kuhusu nyota changa.

Tazama kundi la Orioni, chini ya zile nyota tatu zilizojipanga. Kuna doa lenye ukungu: ni wingu la gesi na vumbi, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300, ambamo nyota zinazaliwa kwa mamia. Nyingi hazijafikisha hata miaka milioni 3, ilhali Jua letu lina takriban bilioni 4.6. Nyota changa ya namna hii kwa kawaida inajizungusha ikiwa na madoa makubwa usoni, yenye joto dogo na mwanga hafifu kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo mwanga wake hupanda na kushuka kwa siku chache. Gesi na vumbi huizunguka pia, vikiwa vimetandaa kama sahani, na vumbi hilo huziba mwanga wake mara kwa mara. Tena nyota bado inakula: gesi ya sahani hiyo huporomoka juu yake, ikifuata njia za sumaku, na panapoangukia huwaka. Mlo ukizidi ghafla, mwanga hulipuka. Nyota FU Orionis iliongezeka mwanga zaidi ya mara 100 miaka ya 1936 na 1937, na hadi leo haijarudi ilivyokuwa.