Geji ya bati ni nini?

Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi Moshi mjini useme unataka bati. Ukishataja rangi, utaulizwa: "Geji ngapi?"

Geji ni kipimo cha unene wa bati, na kinakwenda kinyumenyume: namba ikipanda, bati linakonda. Geji 28 ina unene wa karibu milimita 0.4, geji 30 karibu 0.3, na 32 ni nyembamba zaidi. Utaratibu huu ulianzia kwa wavuta waya wa zamani, ambao kadiri waya ulivyopitishwa kwenye matundu madogo zaidi, ndivyo namba ilivyoongezeka.

Milimita 0.1 utaiona si kitu, mpaka umuulize fundi aliye juu ya kenchi, yaani fremu inayobeba paa. Akikanyaga bati la geji 32 katikati ya papi mbili (mbao ambazo bati hupigiliwa juu yake), linabonyea na halirudi. Ndiyo maana hupita akifuata mistari ya misumari. Huko Kibosho na Machame, nyumba zilikozungukwa na migomba na miparachichi, parachichi bichi likidondoka usiku linaamsha nyumba nzima na kuacha kibonyeo, maji yanatuama humo na rangi inaanza kubanduka. Kwangu mimi, 32 ni ya banda la kuku. Ukiitaka kwa nyumba ya kuishi, papi zikaribiane, na hapo ulichookoa kwenye bati unakilipa kwenye mbao.

Ila geji haisemi lolote kuhusu kutu. Hilo linategemea kilichopakwa juu ya chuma: zinki, au aluzinki, ambayo kwa uzito ni aluminiamu asilimia 55 na sehemu kubwa ya iliyobaki ni zinki. Bati nene lenye mpako hafifu linaweza kuoza mapema kuliko jembamba lililopakwa vizuri, hasa pale majani ya miti yanaporundikana kwenye vali (bonde ambapo miteremko miwili ya paa hukutana) na kubaki yamelowa masika yote.

Halafu kuna ujanja wa dukani. Unene unaotajwa ni wa chuma chenyewe, au umechanganywa na zinki na rangi? Bati likiitwa 28 kwa hesabu ya pili, chuma chake huwa pungufu. Kama huna mikrometa, kifaa cha kupimia unene, tumia mizani: kwa mabati yenye upana, urefu na migongo sawa, la 28 huzidi la 30 kwa karibu theluthi moja ya uzito. Na kwenye risiti waandike milimita, siyo geji peke yake.