Daraja, umeme na maji: lini huwa lengo la kijeshi?

Mapema Novemba 1978, wanajeshi wa Idi Amin walilipua daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera, ndani ya Tanzania. Raia walikuwa wakilivuka kila siku, lakini jeshi la Tanzania nalo lingepita hapo hapo kuja kuwatimua.

Sheria ya vita haiulizi daraja ni la nani. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya 1977 kwenye Mikataba ya Geneva, ambayo Uganda ilijiunga nayo 1991, inataka mambo mawili kwa pamoja: kitu kiwe kinasaidia kweli mapigano, na kukiharibu kulete faida dhahiri ya kijeshi kwa hali ilivyo wakati huo. Kwa kipimo hicho Kyaka lingeweza kuhesabika lengo halali. Uvamizi wenyewe ulikuwa haramu, ila hiyo ni kesi nyingine.

Umeme ndio wenye utata. Laini inayowasha taa za kambi ndiyo inayoendesha pampu ya maji na friji ya chanjo. Hata kituo kikiwa lengo halali, ni marufuku kukipiga ikiwa madhara yanayotarajiwa kwa raia yanazidi mno faida ya kijeshi. Makamanda hupenda kuhesabu waliouawa na bomu tu. Kwangu huo ni ujanja: mtoto atakayeugua kipindupindu kwa sababu pampu imesimama naye ahesabiwe, maana jambo hilo linajulikana mapema.

Mabwawa kama Nalubaale pale Jinja yana kinga zaidi: hata yakiwa na kazi ya kijeshi hayapigwi iwapo maji yatakayofunguka yataangamiza raia wengi, isipokuwa kwa masharti magumu sana. Nalo jeshi linalojihami linatakiwa kujitahidi lisiegeshe mizinga hapo, ila silaha za kulinda bwawa lenyewe tu zinaruhusiwa.

Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita mjini Kisangani, Kongo. Umeme ulikatika, watu wakachota maji mtoni. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliona kwamba jeshi la Uganda nchini Kongo halikutofautisha malengo ya kiraia na ya kijeshi, na 2022 ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325, milioni 40 kati yake zikiwa fidia ya mali iliyoharibiwa. Dai la Kongo kuhusu hasara za shirika lake la umeme lilikataliwa: ushahidi haukutosha.