Alama ya kipaumbele huishia mlangoni kwa mtoa huduma

Wateja wangu wengi hapa Malindi ni hoteli ndogo na ofisi zilizohamishia simu zao kwenye intaneti, na lalamiko ni lile lile: jioni wageni wakianza kutazama filamu, sauti ya simu inakatika-katika. Fundi aliyetangulia huwa keshawasha kipaumbele cha sauti kwenye ruta. Mbona hakisaidii?

Kila pakiti ya IP, yaani kipande cha data kinachosafiri kwenye intaneti, ina kichwa chenye maelezo ya safari, na ndani ya kichwa hicho mna baiti moja (biti 8) iliyotengwa tangu 1981 kueleza pakiti ihudumiwe vipi. Mwaka 1998 baiti hiyo ilipangwa upya: biti 6 za mwanzo zikawa alama iitwayo DSCP, yaani namba kuanzia 0 hadi 63. Pakiti ya kawaida ni 0, sauti kwa desturi hupewa 46. Alama yenyewe haiharakishi kitu. Ni ombi tu, na hata ruta inayolisikiliza huonyesha tofauti pale tu foleni ya pakiti inapojaa.

Mtoa huduma naye hana sababu ya kuiamini namba uliyojiandikia. Akiiacha 46 bure, kesho kila mtu ataibandika kwenye filamu zake, na foleni ya haraka itakuwa ndefu kuliko ile nyingine. Tena ziko namba kama 48, ambazo ruta zenyewe hutumia kupashana habari za njia. Hizo mteja hachezei. Kwa hiyo watoa huduma wengi hufuta kila alama mlangoni, ikawa 0. Wenye mikataba ya biashara huweza kuheshimiwa, ila kwa kipimo: sauti ikizidi mlichokubaliana, ziada hutupwa au hushushwa daraja.

Mpakani kati ya mtandao na mtandao hali ni ngumu zaidi. Ukipigia Ulaya, pakiti yako itashuka Mombasa, pengine ipande kebo ya baharini, TEAMS au SEACOM, kisha ikabidhiwe mtandao mwingine, na mwingine tena. Ni kama kifurushi ulichokiandika HARAKA kwa kalamu nene ukakipakia basi la Mombasa: utingo wa basi la pili hakukuahidi chochote. Mwaka 2017 IETF, jumuiya inayoandika kanuni za intaneti, ilitoa waraka RFC 8100, unaopendekeza madaraja 4 ya kupokezana mpakani, lakini ni pendekezo, halimfungi mtu. Anayekuuzia “kipaumbele hadi Ulaya” mwambie aandike kwenye mkataba mitandao ipi imekubali. Mimi nikisikia maneno hayo huwa nacheka kwanza.

Ukitaka kuona kwa macho yako, washa tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti zinazopita, pande zote mbili za simu. Baiti ile nzima ikitoka hotelini husomeka b8 kwa hesabu ya msingi wa 16, ndiyo 46 hiyo. Upande wa pili mara nyingi utakuta 00. Jibu ninalolipenda mimi ni 18, yaani alama imekuwa 6: njiani kuna ruta yenye fikra za 1981, inayozijua biti 3 za mwanzo tu na kuzifuta hizo, 46, ambayo kwa biti ni 101110, ikabaki 000110.

Dawa iko upande wako wa waya. Laini ikiwa ya Mbps 20, ibane ruta yako itoe Mbps 18, ili foleni ijipange kwako na si kwenye kifaa cha mtoa huduma. Kwako alama inasomwa. Pakiti zinazoingia huwa zimeshafutwa alama, kwa hiyo itambue sauti kwa anwani ya seva ya simu, uipe 46 upya, na upakuaji nao uubane kidogo chini ya kasi ya laini.

Halafu kagua Wi-Fi. Vifaa vingi hutazama biti 3 za mwanzo tu. Za 46 ni 101, yaani 5, na kwenye Wi-Fi namba 5 ni foleni ya video, si ya sauti. Simu isiyo na waya inaweza kuwa inasukumana na filamu ya mgeni humo humo ndani ya jengo, kabla mtoa huduma hajaigusa pakiti hata moja.