FurMark haipimi ovakloki yako

"Fundi, tatizo ni gemu. Kadi nimeipiga FurMark nusu saa nzima, haikutikisika." FurMark ni programu ya kuitesa kadi ya picha kwa mzigo mzito, na watu waliofanya ovakloki, yaani walioipandisha kadi kasi kupita ya kiwandani, huitumia kama ushahidi. Maneno hayo nimeshaambiwa na vijana wa chuo, na wenye vibanda vya gemu, na wiki hii na mtu ambaye naye anajiita fundi. Kanitumia na picha kabisa: ile pete yenye manyoya inazunguka, joto nyuzi 71, hakuna kosa lolote. Halafu gemu inamtupa kwenye deskitopu kila akifungua ramani.

FurMark inapima feni. Inapima pawa saplai, na inapima kama ile pesti ya kupitisha joto uliipaka au uliichezea. Ile nyongeza ya kasi uliyoweka kwenye core, yaani chipu yenyewe ya kadi, haijaipima, au imeipima pale pasipo na ugomvi.

Kadi za Nvidia tangu enzi ya Pascal, yaani zile GTX 1000 za mwaka 2016, hazikai kwenye frikwensi moja. Ndani kuna mchoro: kila kituo cha volteji kimepangiwa frikwensi yake. Fungua MSI Afterburner, ile programu ya kupandishia kasi ya kadi, bonyeza Ctrl na F, utauona. Ukiandika +150, yaani MHz 150 za ziada kwenye core, hujaipa kadi kasi mpya. Umeunyanyua mchoro mzima, vituo vya chini na vya juu kwa pamoja. Baada ya hapo kadi yenyewe ndiyo inayochagua isimame wapi, kwa kuangalia wati, joto na kazi iliyopo.

FurMark inakamua umeme kuliko karibu gemu yoyote utakayocheza. Kadi inagonga ukomo wake wa wati, na ikigonga inashuka ngazi. RTX 3060 yenye ukomo wa wati 170, ambayo ukishaiongeza inacheza gemu nyepesi juu ya MHz 2000, ndani ya FurMark utaikuta inajikokota kwenye 1600 na kitu, volteji nayo imeshuka. Kile kituo cha juu chenye matatizo hakijatembelewa hata sekunde moja. Umelipandisha lori mlima Kitonga na mzigo wake kwa gia ya kwanza, kisha unaapa kwamba likifika tambarare likikimbia mia na ishirini usukani hautatetemeka.

Ndiyo maana gemu inagoma mahali ambapo watu wanapaona pa kijinga: kwenye menyu, ramani inapopakia, ukirudi kutoka dirisha jingine. "Lakini fundi, pale si hakuna kazi?" Hapo hapo. Kazi ikipungua wati zinabaki za kumwaga, na kadi inaruka hadi kituo cha juu kabisa cha mchoro ulioupandisha wewe mwenyewe. Kinachoiangusha ni ule mruko. Kumbuka RTX 3080 zilipotoka Septemba 2020: baadhi zilikuwa zinaangusha gemu zikivuka MHz 2000 au karibu na hapo, na mwenyewe hajagusa kitu. Mtandaoni watu wakageuka mabingwa wa kapasita kwa wiki nzima, kila mmoja akizilaumu zile za kwenye kadi. Mwisho wa mwezi ule Nvidia ikatoa draiva 456.55, yaani programu inayoiunganisha kadi na Windows, na kwa wengi tatizo likatulia. Kama kadi mpya kabisa inaweza kuwa ukingoni namna ile, wewe na +150 yako uko wapi?

Hoja ya pili ninayoletewa ni joto. "Haipati joto, kwa hiyo iko salama." Kadi hizi zinapunguza kasi kidogo kidogo kadiri zinavyopata moto, tena zinaanza mapema, muda mrefu kabla ya nyuzi za kutisha. Maana yake kadi iliyotoka kuwashwa, bado ya baridi, inakimbia kuliko ile iliyochezewa saa nzima. Ukiona gemu inagoma dakika za mwanzo, ukiifungua upya inatulia usiku kucha, usikimbilie kununua feni. Mtu anapanga namba zake Dar, Februari, chumba hakina kiyoyozi, kila kitu safi. Julai anahamia kwenye baridi ya Njombe na mashine yake, kadi inaanza visa. Hapa vitabu vinarahisisha mno. Chipu ya baridi inavumilia kasi zaidi, na wakati huohuo inajipandisha kasi zaidi. Nguvu mbili zinavutana, na ipi itashinda kwenye kadi yako siwezi kukutabiria nikiwa nimekaa dukani. Nimeona zote mbili.

Volteji nitaipitia haraka. Kile kitelezi cha Afterburner ukikisukuma hadi +100 hujaongeza milivolti 100. Ni asilimia, na kwenye Nvidia kazi yake ni kufungua vituo vichache vya juu zaidi. Kwa hiyo mtu mwenye kadi inayogoma juu anaifungulia iende juu zaidi, halafu anashangaa. Kiache.

Kumbukumbu ya kadi ina hila zake. Core ikizidiwa, kwa kawaida skrini inaganda, draiva inakufa, Windows inaifufua. Kumbukumbu ikizidiwa unaweza kuona madoa ya rangi au pembetatu zinazochomoka kwenye nyuso za watu. Afadhali ukiyaona. GDDR6X, ile iliyoko kwenye RTX 3080 na 3090, ina utaratibu wa kugundua data iliyoharibika njiani na kuituma upya. Haigomi. Picha ni safi, wewe unazidi kupandisha, unajiona bingwa, kumbe fremu zinapungua kwa sababu kadi inatumia muda kurudia kazi. Pandisha kumbukumbu ukiwa na namba ya kipimo mkononi. Siku namba inaposimama au inaposhuka, umeshapitiliza, hata kama hujaona doa.

Kabla ya yote hayo soma Event Viewer, daftari la Windows la matukio, bado nawabembeleza watu kwa hili. Tukio 4101 ni draiva iliyoacha kujibu ikafufuliwa. Anza kuishuku core. Kernel-Power 41, mashine imezima ghafla bila skrini ya bluu, geukia pawa saplai, hasa kama kadi inakula kwenye waya mmoja wenye vichwa viwili. Kadi kubwa huvuta umeme kwa kishindo cha muda mfupi sana ambacho wastani wa wati kwenye skrini haukuonyeshi. Na wale wanaoingia kwenye rejista kuongeza TdrDelay, muda ambao Windows inaisubiri kadi ijibu, kutoka sekunde 2 hadi 10: mmeongeza muda wa kutazama skrini iliyoganda. Basi.

Ninavyofanya mimi: narudisha kila kitu sifuri na kucheza. Ikigoma kwenye sifuri, mazungumzo ya ovakloki yameisha. Isipogoma, naongeza core peke yake, MHz 15 kwa 15, kumbukumbu siigusi. Napima kwa gemu nyepesi bila kikomo cha fremu, naingia na kutoka kwenye menyu kama mwendawazimu, halafu gemu yenye ray tracing, ile ya kufuatilia miale ya mwanga, kwa sababu ile inaamsha sehemu za chipu ambazo gemu za kawaida zinaziacha zimelala. Jaribio la Time Spy ndani ya 3DMark, programu ya kupimia kadi, lile la mizunguko 20, nalitumia, ila kufaulu asilimia 97 kunamaanisha kasi haikuyumba, hakumaanishi umepona. Nikishaupata ukingo nashuka MHz 30. Kwa nini 30? Hakuna sayansi hapo, ni mazoea. Na nikimkabidhi mtu mashine namwambia "haijagoma". Neno "imara" silitumii, maana kuna kadi iliyokaa miezi ikicheza kila kitu, ikatoka gemu mpya moja ikaivua nguo.

Mwisho ni RX 580 za mitumba, kadi za AMD, maana nusu ya simu ninazopokea ni zake. Nyingi zilichimba sarafu za kidijitali, na waliozichimbia walibadilisha BIOS, ile programu ya ndani ya kadi, ili kumbukumbu isubiri muda mfupi kuliko wa kiwandani. Afterburner inakuonyesha sifuri, wewe unaamini ni sifuri, kumbe kadi imeshaongezwa kabla hujafanya nayo urafiki. Fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, hifadhi BIOS iliyomo na uilinganishe na ya kiwandani ya kadi hiyo hiyo. Baadhi zina kiswichi kidogo pembeni chenye BIOS ya pili, kisukume upande wa pili ukiwa umezima mashine. Kama haina, irudishie ya kiwandani kwanza, au mrudishie aliyekuuzia kama bado anapokea simu zako.