Mzimu una wenyewe

Jumamosi huwa nasoma na watoto wa darasa la tano hapa Moshi, chini ya mparachichi. Mwezi huu wanatunga hadithi yao wenyewe. Watoto wanne wanaingia usiku kwenye ghala kuukuu la kahawa karibu na reli, wana tochi moja na daftari la kuandikia ushahidi. Mmoja wao amehamia kutoka Mtwara, na hakuna anayetaka kukaa naye dawati moja. Jalada limeshachorwa, kwa kalamu nyekundu: WAWINDA MIZIMU.

Nikanyamaza. Baada ya siku chache nikamsikia mtangazaji redioni akisema hoteli fulani "ina mizimu". Juzi kijana wa dukani kaniambia simu yake ina mzimu, inajizima na kujiwasha. Basi niseme.

Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, hasa mzee wa ukoo. Pwani neno hilo hutumika pia kwa mahali penyewe pa kutambikia, pengine pango au mbuyu. Kamusi yoyote itakupa hayo.

Linalosahaulika ni hilo neno "ukoo". Mzimu una wenyewe. Una jina, una wajukuu, una madai yake, na ukikasirika kuna watu wanaojua wamekosea nini. Mzimu hutambikiwa, hauwindwi. Mtoto wa Kichagga anayajua haya bila kufundishwa: babu yake amelala kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba, masale (mmea wa heshima kwao) yamepandwa pembeni, naye anapita hapo kila asubuhi akienda shule. Wazee walikuwa wakimwaga mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia. Sasa nani atamvizia babu yake na tochi?

Kile kinachogonga milango ghalani na hakijulikani ni cha nani, hicho ni mzuka. Umezuka tu, umetokea ghafla, na jina lake ndilo hilo. (Vijana wakisema "nina mzuka" leo wanamaanisha wamechangamka. Sina ugomvi nao.) Jini ni jambo jingine kabisa, hakuwahi kuwa binadamu, na jina lake limetoka Uarabuni. Tumwache.

Kuna mwalimu mwenzangu aliwaeleza watoto kwamba mzimu ni "mtu mzima aliyekufa", eti ndiyo maana maneno yanafanana. Yanafanana kweli, irabu moja tu inayatenganisha, lakini si ndugu. Sikiliza Wakikuyu, maana wao wametunza sauti ambazo Kiswahili kimeziunganisha. Mtu mzima kwao ni mũndũ mũgima. Hapo pana g. Lakini lile dude la kwenye ngano zao, linalokula watu, ni irimũ, na hapo pana r. Sisi g ile tumeifanya z, na r ile tumeifanya z, kisha tunashangaa mzima na mzimu wamekutana mlango mmoja. Dude hilo Wachagga nao wanaliita irimu. Ni zimwi letu hilo hilo, na zimwi na mzimu ndio ndugu wa kweli.

Ukoo wao ni mkubwa. Wazulu wana amazimu, walaji watu wa kwenye hadithi. Watswana wana badimo, yaani wazee waliokufa, na Mungu mwenyewe wanamwita Modimo. Neno moja limetembea bara hili, huku likapewa heshima ya babu, kule likafanywa la kutishia watoto, kwingine likapandishwa hadi mbinguni. Wengi hulihusisha na kuzima, kama taa izimwavyo, na mimi nawaafiki. Kuzimu ni humo humo.

Na ule msemo, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Wengi huuchukua kama onyo kuhusu mazimwi. Mimi naona uzito wake uko kwenye "likujualo". Hata dude, kama lakujua, litakubakizia kitu.

Nayasema haya kwa sababu ya sura ya kwanza ya hadithi ya watoto wangu, ambamo wale watatu wanamwita mgeni "mzimu wa dawati la nyuma". Hilo ndilo kosa lililoniudhi kuliko la redioni. Mtoto huyo mizimu yake iko Mtwara. Hapa Moshi hana kaburi hata moja analolijua, hana shangazi wa kumwomba maji ya kunywa. Ukimwita mzimu umempa kile hasa alichokikosa.

Halafu katika sura ya tatu, aliyoiandika msichana mmoja ambaye huwa haongei sana, mlango wa ghala unafunguka wenyewe na wale watatu wanarudi nyuma. Mgeni anachukua tochi na kutangulia. Wanamuuliza kama haogopi. Anajibu, "Wafu wa hapa hawanijui." Wanamfuata, mmoja ameshika mkia wa shati lake.

Sikumsahihisha neno. Nimewaomba tu wabadili jalada, herufi tatu za mwisho: MIZUKA. Kalamu nyekundu haifutiki, lakini karatasi nyeupe ya kubandikia juu ninayo.