Grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) haikupi kura: yaliyo muhimu kabla ya Novemba

Uchaguzi wa Bunge la Marekani ni Novemba 3, 2026, na vyama viwili vinavutana kuhusu sisi wageni. Republican wanadai wasio raia wanaharibu uchaguzi. Democrats wanajibu kwamba matukio ya namna hiyo ni machache mno. Ofisi yetu ya msaada wa kisheria kwa wahamiaji haina upande katika mvutano huo. Tunachokiona sisi ni mtu kuja na barua ya uhamiaji mkononi akisema, "Lakini fomu ya kujiandikisha kupiga kura nilipewa na serikali yenyewe!"

Ni kweli, ulipewa. Sheria ya mwaka 1993 inazitaka ofisi za leseni za udereva katika majimbo mengi kumpa mteja nafasi ya kujiandikisha kupiga kura hapo hapo. Foleni imekuchosha, karani anauliza haraka haraka, nawe unaitikia kila swali. Kupewa fomu si kuruhusiwa kuijaza. Humo mna swali la uraia, na chini yake unatia saini kwa kiapo.

Adhabu nazieleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapopuuza. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa shirikisho, yaani wa rais, seneta au mbunge wa Washington, anaweza kutozwa faini na kufungwa hadi mwaka 1. Kujidai raia kwa kujua, ili ujiandikishe au upige kura, ni kosa jingine: kifungo hadi miaka 5, na hapo hata uchaguzi wa jimbo au mji unahusika. Kando ya hayo kuna kuondolewa nchini, ambako hakusubiri uhukumiwe jela kwanza. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Ukidanganya hapo, umeongeza kosa juu ya kosa.

"Nalipa kodi miaka saba, kwa nini nisipige kura?" Swali hilo mpelekee mbunge wako, karani hawezi kulijibu. Namba ya Social Security (hifadhi ya jamii) haikufanyi raia, wala leseni, wala mtoto uliyemzaa hapa. Nasikia pia habari za Takoma Park, Maryland. Ndiyo, mji huo unawaruhusu wasio raia kuchagua viongozi wa mji, tangu miaka ya 1990. Wa mji, basi.

Ukigundua umeshaandikishwa, usikimbilie kupeleka N-400, na usipige kura hata kama kadi ya mpiga kura imekufikia nyumbani. Muone kwanza mwanasheria wa uhamiaji. Mweleze ulionyesha hati gani kwa karani na karani alisema nini; kama uliionyesha grini kadi yako waziwazi, jambo hilo linaweza kuwa na uzito. Barua ya kuomba jina lifutwe iandikwe kwa ushauri wake, nakala ubaki nayo.

Kuhusu michango: mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchangia mgombea kwa fedha zake mwenyewe. Mwenye viza ya masomo au ya kazi haruhusiwi, na mkimbizi ambaye bado hajapata grini kadi vilevile. Mjomba wa Dar es Salaam akikutumia dola umchangie mgombea kwa jina lako, mmevunja sheria mbili kwa mpigo. Kujitolea bila malipo, kama kugawa vipeperushi, kunaruhusiwa hata kwa asiye raia.

Waliokwisha kuapa uraia wanaweza kujiandikisha siku hiyo hiyo ya sherehe. Mama ambaye Kiingereza kinampiga chenga ana haki ya kuingia kupiga kura na msaidizi anayemtaka mwenyewe, mradi si mwajiri wake wala wakala wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Msimamizi wa kituo akikataa, ombeni kwa upole mkubwa wake aitwe, na msiondoke kabla hajafika.